Mashavu ya Bhoke

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi yowe lilipigwa kutoka mtoni. Nakumbuka wakati huo kwa sababu nilikuwa nimetazama saa: nilitaka tufike zahanati kabla foleni haijawa ndefu. Mke wangu, Robhi, alikuwa akimwosha binti yetu Bhoke, wa miaka minne, vidonda vya puani na mdomoni, vile vyenye maganda ya rangi ya asali ambavyo watoto wengi wa kijiji walikuwa navyo. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto. Yowe lilikuwa la wizi: ng'ombe wetu walikuwa wameibwa na kuvushwa huko huko.

Hatukwenda.

Mishale ilianza kabla ya saa sita. Mwanamume wa kwanza aliletwa juu ya mlango uliong'olewa.

Kesho yake nyumba za kando ya mto zilichomwa. Familia tatu zikahamia kwetu, watoto saba wakawa wanalala na Bhoke kwenye ngozi moja. Haikupita wiki, wote wakawa na maganda yale. Tuliwaosha kwa maji ya chumvi. Dukani sabuni haikuwepo.

Wiki ya tatu vidonda vya Bhoke vilikauka. Uso wake ukajaa.

"Vita vinamnenepesha huyu," alisema jirani yetu, Mama Nyangi, akicheka. "Sisi tumebaki mifupa. Mnampa nini kwa siri?"

Robhi hakucheka. "Baba Bhoke, mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi. Nitavuka naye. Mwanamke haguswi."

Alisema kweli. Katika mapigano yetu mwanamke hapigwi mshale. Wake wengi wamezaliwa upande wa pili. Lakini nilitazama mashavu yale, mara ya kwanza kujaa tangu njaa ya mwaka uliotangulia, nikasema, "Vidonda vimepona. Subiri wazee wakae kupatanisha."

Alisubiri siku nne.

Siku ya tano macho ya mtoto hayakufunguka kwa uvimbe. Robhi alivuka bila kuniuliza.

Hakuna aliyemgusa.

Bhoke alifia mgongoni kwake, kabla hawajafika.

Miaka mingi baadaye nilisoma katika kitabu cha wauguzi kwamba vidonda vile, hata vikishakauka, vinaweza kudhuru figo, na uso huvimba. Nilirudia ukurasa huo mara tatu.

Wazee walipokaa kumaliza vita vile, kila upande ulitaja wafu wake: wao wawili, sisi mmoja. Bhoke sikumtaja, hakuuawa na mshale.

Dawa pale zahanati, miaka ile, ilitolewa bure.