Kocha wa Futiboli Alipoanza Kuchacha

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkurugenzi wa Michezo alinisimamisha dirishani akanionyesha uwanja. "Njia ya mbio inayozunguka pale ni yako," alisema. "Lakini Kocha Mkuu akiwa na vijana wake katikati, utasubiri."

Kocha Mkuu, mtu maarufu eneo lote lile, alifundisha futiboli, ule mpira wa Kimarekani wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Mimi nilikuwa nimetoka Eldoret kufundisha riadha katika chuo kidogo huko Marekani, karibu na Hyattsville, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nikasubiri.

Wachezaji wake walisafiri kwa basi lenye jina la chuo ubavuni. Wanariadha wangu niliwapakia kwenye gari dogo nililoendesha mwenyewe. Mazoezi ya vipande, yaani kukimbia kwa kasi, kutembea, kisha kurudia, tuliyafanya asubuhi kwenye baridi, kwa maana alasiri ilikuwa yake. Nilipomlalamikia mke wangu, muuguzi katika makao ya wazee, alicheka.

"Baba Chebet, huyo mtu hata hajui kama unamwonea wivu."

Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Basi alipoanza kuchacha, niliona kabla ya wengine. Mwenye wivu hachoki kutazama. Kwanza, vijana walianza kumalizia utani wake kabla hajaumaliza, naye hakutambua. Kisha wasaidizi wake wazuri wakahamia vyuo vingine, na waliobaki wakasimama mikono mifukoni, mchezaji akikosea hawasemi neno. Kusajili wachezaji wapya, kazi ya kwenda kuketi sebuleni na mama wa kijana na kumwahidi kwamba utamlea, alimwachia karani aifanye kwa simu. Mbinu zake zilikuwa zilezile. Timu za jimbo jirani la Virginia zilizijua kabla mpira haujaguswa. Wakishindwa, kosa lilikuwa la refa, au la mvua. Lakini dalili kubwa niliiona Jumatatu moja, baada ya kufungwa vibaya nyumbani. Zamani vijana wake wangeingia uwanjani wameinamisha vichwa. Siku hiyo walikuja wakicheka. Kushindwa kulikuwa hakuwaumi tena.

Nilifurahi. Nilifurahi mpaka chakula kikawa kitamu.

Msimu ulipokaribia mwisho, Mkurugenzi aliniita ofisini akafunga mlango.

"Wewe unamwona kila siku kutoka kwenye njia ya mbio. Amekwisha?"

Nilikuwa nimeliota swali hilo. Nikamweleza nilichokiona, bila kuongeza chumvi; haikuhitaji chumvi. Alinishukuru. Wiki chache baadaye Kocha Mkuu akaambiwa mkataba wake hautaendelea.

Nilimkuta kwenye maegesho akipakia masanduku. Nilitaka kupita, akaniita.

"Wale wako," alisema, "hukimbia hata ukiwa hupo. Nimewaona wakizunguka kwenye mvua peke yao. Wangu nikigeuza mgongo, wanakaa chini. Nilikuwa nakuonea wivu, unajua?"

"Mimi?"

"Wewe."

Ningepaswa kufarijika. Lakini alisema hayo akiwa ameegemea gari alilopewa na chuo, na nyuma yake vijana wale wale waliokuja wakicheka Jumatatu ile walikuwa wamejipanga kumuaga, wengine wakilia. Nikamwambia, "Pole, Kocha," nikaenda kumtafutia msichana mmoja wa timu yangu viatu, maana vyake vilikuwa vimeachia soli.

Nilidhani zamu yangu imefika. Kocha mpya wa futiboli alikuja kijana, mchangamfu, ana nguvu. Mkurugenzi akampa chumba cha kubadilishia nguo cha wanariadha wangu, kiwe ukumbi wa kutazamia kanda za michezo. "Vumilia kidogo," aliniambia. Nikavumilia mpaka nikastaafu.

Ninyi makocha vijana mnaoniuliza dalili za kocha aliyechacha, nimewapa zote, na ni za kweli. Ila msidhani mwenzenu akiondoka, kiti chake kitasogezwa kwenu. Kiti cha futiboli hukaliwa na mtu wa futiboli.

Sasa naishi Silver Spring, si mbali na chuo kile. Jumapili, kanisani kwetu sisi Wakenya, mgeni akija, mchungaji hupenda kunitambulisha. Wanariadha niliowafundisha sasa ni madaktari na walimu, lakini hao mchungaji hawataji.

"Simama, mzee," husema. "Huyu alifanya kazi chuo kimoja na yule kocha maarufu wa futiboli!"

Watu hupiga makofi. Nami husimama, nikawapungia mkono.