Kadi ya Posta Isiyo na Jina

Juzi nilikuwa katika maktaba moja mjini Njombe, ambako magazeti ya zamani na kadi za posta za enzi za wamisionari sasa hutazamwa kwenye kompyuta. Bibi mmoja kutoka Makambako aliomba aonyeshwe kadi aliyosimuliwa na wajukuu zake. Picha ilipofunguka, alikunja goti kama tunavyowaamkia wakubwa wetu.

"Kamwene, mama."

Mkutubi akacheka. "Bibi, hiyo si picha tu?"

"Ni picha ya mama yangu. Ona kovu la kidevuni, aliumizwa na shoka. Huyo mgongoni ni kaka yangu."

Chini ya picha pameandikwa: "Mwanamke wa kienyeji na mzigo wa kuni."

"Andika jina lake hapo," bibi akasema.

"Hakuna nafasi hiyo, bibi. Kuna ya mpiga picha, ya aliyeitoa kadi, na ya tarehe."

"Kuni zimepata nafasi, mjukuu wangu. Aliyezibeba je?"

Mkutubi hakucheka tena. Aliichapisha ile picha, akachukua kalamu, akaandika jina huku bibi akimtajia polepole, la ubatizo kwanza, kisha la ukoo. Bibi akaifunga karatasi ndani ya kitenge, akaaga.

Hatuna la kujilaumu kuhusu karatasi. Tumezihifadhi vizuri mno. Ila nakala pekee iliyo sahihi ilipanda basi la Makambako mchana ule, na mtandaoni haimo.