Niliposema "Mawe"

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusema "mawe". Nilishuka kwenye pikipiki chini ya mlima, upande wa Bafwasende, nikamwambia mtu wa kwanza niliyemwona kwamba natafuta nyumba ya mawe. Alinitazama viatu, akaitazama simu mkononi mwangu, kisha akanionyesha kijia kilichopanda kushoto. Nilimshukuru kwa Kiswahili safi, kile nilichojifunza mwenyewe bila mwalimu, nikijisahihisha kwa sauti kila nilipokosea. Najivunia Kiswahili hicho. Siku ile kilinipoteza.

Nyumba niliyoitaka ni kanisa la zamani la mapadri. Babu yangu alikuwa mmoja wa watu waliopandisha mawe yake kichwani, na papa, yaani baba yangu, alibatizwa humo. Sasa macho ya papa yalikuwa yanafifia, na ndugu yake alikuwa amemwambia kwamba kanisa limeanguka lote, msitu umelimeza. Papa hakukubali. Aliniomba nimletee picha angali anaweza kuiona. Niliahirisha safari mara nyingi: mara mvua, mara kamera ya simu haikuniridhisha, mara nilitaka kwanza kujifunza mambo ya mwanga. Na papa naye alizidi kusogeza kiti chake karibu na mlango, akifuata mwanga.

Kijia kilikuwa kikali, udongo mwekundu ulioloa, mizizi inayoteleza. Dereva wa pikipiki, kijana wa rika langu, alipanda nami kwa sababu hakutaka kubaki peke yake barabarani. Yeye alivaa kandambili na hakuanguka. Mimi nilianguka, nikasimama kujipangusa, nikaanguka tena. Siafu waliniingia kwenye soksi. Nilikasirikia mlima, nikakasirikia mvua ya jana, nikakasirikia zaidi soksi nyeupe ambazo nilizichagua mwenyewe.

"Intello," aliniita, kwa maana ya msomi, "unapangusa matope ya nini? Mbele kule mengine yanakungojea."

Juu hapakuwa na kanisa. Palikuwa na turubai, na chini yake wanaume wakitwanga mawe ya dhahabu. Mmoja alifunika mfuko wake kwa shati aliponiona. Walidhani nimetumwa kupeleleza. Nilianza kujieleza, na kadiri nilivyojieleza kwa ufasaha ndivyo walivyozidi kuninyamazia. Dereva ndiye aliyesema nao kwa Kilingala, na baada ya kitambo wakaanza kucheka wote. Alinigeukia.

"Mawe ya huku ni hii ya dhahabu. Ulisema mawe, bamekuleta kwa mawe. Ungesema misioni, sasa tungekuwa tunarudi."

Nilimjibu kwamba kanisa lenyewe limejengwa kwa mawe, kwa hiyo sikukosea.

"Bon. Hukukosea. Lakini hauko kwa kanisa."

Misioni ilikuwa kwenye mgongo mwingine wa mlima uleule, ng'ambo ya korongo. Ilibidi tuteremke karibu yote tuliyopanda, kisha tupande upya. Mawingu yalikuwa yameshuka. Nilisema turudi nyumbani, nije tena wakati wa kiangazi, kwa sababu picha ya giza lile isingefaa kitu. Dereva alikaa juu ya mzizi akikamua suruali yake.

"Papa yako anangoja jua ao anangoja nyumba?"

Nilitangulia kuteremka korongoni, nimenuna.

Tulifika manyunyu yakianza. Paa halikuwepo. Kuta tatu zilisimama, ya nne ilikuwa nusu, na mahali pa mabenchi mtu alikuwa amepanda mihogo. Nilitaka kulia, wala si kwa uzuri wa mahali. Kioo cha kamera kilijaa ukungu, mvua ikamwagika, na picha pekee niliyopata ilipinda, na kidole gumba changu kikakaa pembeni. Nilipotaka kupiga nyingine, simu ilizima.

Tuliporudi nyumbani Kabondo sikumwonyesha papa picha hiyo. Nilikaa nayo siku kadhaa nikiinyoosha, nikiing'arisha, nikijaribu kufuta kidole. Kila alipouliza, nilimwambia bado kidogo. Mwishowe aliniambia polepole, bila hasira:

"Mutoto, kama ilianguka, sema tu."

Nilimpa simu. Aliileta karibu kabisa na pua, akaiinamisha huku na huku. Nilianza kumwomba radhi kwa ajili ya kidole, akaniambia ninyamaze.

"Iko inasimama," alisema. Kisha akataka nimpigie ndugu yake palepale, amwambie mwenyewe.

Nikiwa natafuta namba, aliniuliza mlango uko upande gani wa picha. Ulikuwa katikati, mweusi, mkubwa. Nilimwekea kidole chake juu ya mlango huo. Kama ningeenda mara ya kwanza aliponiomba, asingehitaji kuuliza.

Papa haoni picha tena. Siku hizi ninachopiga nakionyesha siku ileile, hata kikiwa kimepinda.