Bibi Amechekwa kwa Sababu Yangu

Leo bibi amebeba aibu yangu mbele ya wapangaji wote.

Gari la kunyonya choo lilikuja kwetu, bomba likaziba. Fundi akavuta, zikatoka pedi.

Zangu. (Nilikuwa naona haya kuzichoma uani.)

Fundi akafoka, "Nani anatupa hizi chooni? Zikifika kwenye mabwawa ya maji taka zinaziba na kule!"

Wapangaji wakatoka kuangalia. Mimi nikatazama chini.

Bibi akainuka na mkongojo wake. "Ni zangu."

Fundi akashangaa, "Mayu, mama yangu! Na uzee huo?"

Uwanja mzima ukacheka. Bibi naye akacheka. Mimi nikakimbilia ndani.

Sasa anachambua maharage. Hajaniuliza kitu.

Wapangaji wetu, najua mnasoma humu. Zilikuwa zangu.

Nichekeni mimi.