P3 ya Baba Shiru

Siku hiyo tulikuwa tunapukuchua mahindi. Mume wangu, Baba Shiru, alikuwa amekaa juu ya gunia akilalamika kwamba chai yangu haina majani, nami nilimwambia akitaka chai ya hoteli aende Kitale akainunue. Shamba letu lilikuwa karibu na Ndalu. Baba yake ndiye aliyelinunua alipotoka Nyeri, na mimi sikuwahi kujiona mgeni pale. Kura zilikuwa zimepigwa, redio haikuzimwa kutwa, na kila aliyepita barabarani alipita haraka kuliko kawaida. Hata mimi nilikuwa naangusha vitu.

Walikuja jioni, wakipiga kelele kwamba waliotoka Nyeri warudi kwao.

Sikuona nyuso. Niliona moshi kwa jirani, nikambeba Shiru mgongoni, nikakimbia.

Baba Shiru alibaki nyuma kufungulia ng'ombe. Panga ilimpata mguuni, chini ya goti.

Alitufikia akirukaruka kwa mguu mmoja. "Twende, Mama Shiru," akasema. "Twende tu."

Lori la mahindi lilituleta Kitale, kwenye uwanja wa shoo, watu wamejaa hadi kwenye mabanda ya kuonyeshea mifugo. Tukaanza kuitwa wakimbizi, ndani ya nchi yetu. Nilimwosha kidonda kwa maji ya chumvi, nikakifunga kwa leso, nikasema asubuhi twende hospitali. Hapo Karanja, jirani yetu aliyekuwa dereva wa trekta, akanisimamisha.

"Hospitali bila P3? Si watamfukuza tu."

P3 ni ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumizwa. Karanja aliwahi kupigwa chupa kwa baa, na kliniki aliyoingia ilimwambia atoke akalete P3 kwanza. Alituonyesha kovu. Watu wote pale wakaitikia kwamba ndivyo ilivyo, na hata mimi nilikuwa nimesikia hivyo tangu nikiwa msichana.

Basi nikaenda kituoni. Foleni ilizunguka ua mzima, na askari wengi walikuwa wametoka na malori. Aliyebaki akasema fomu zimeisha, nirudi kesho. Kesho yake zilikuwa hazijaletwa. Nilishinda nikizunguka kambini kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nikikaa naona vibaya, nikisimama naona vibaya.

Kambini kulikuwa na hema la dawa. Shiru alishikwa na kikohozi, nikampeleka, na nesi, mama mmoja mnene wa Bungoma, akampa dawa bila kutuuliza hata tunatoka wapi. Lakini kabla sijaenda, Baba Shiru alikuwa ameniapisha.

"Usitaje mguu. Wakiuliza P3 na sina, watasema mimi ndio nilienda kupigana."

Wanaume walikuwa wakichukuliwa kuhojiwa, na wengine hatukujua walikopelekwa. Ulimi uliniwasha mbele ya yule nesi. Nikamshukuru, nikabeba mtoto, nikatoka.

Kidonda kilikuwa kinakauka vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba kilikuwa kinakauka vizuri.

Kisha asubuhi moja alishindwa kufungua mdomo anywe uji.

"Wacha mchezo," nikamwambia.

Hakuwa anacheza. Taya zilikuwa zimekaza. Mgongo ukaanza kujipinda.

Nilimkimbilia nesi. Alikuja, akafungua leso, akatazama mguu, akatazama uso. "Pepopunda," akasema. "Mbona hamkumleta? Si sindano iko hapa tu."

"Hatuna P3."

"P3 ni ya korti, mama. Ni ya kushtaki aliyemkata. Mgonjwa anatibiwa tu, hata akiwa mwizi."

Nilitaka kumpiga makofi, Mungu anisamehe, kwa vile alilisema kwa urahisi hivyo.

Baba Shiru alifia hospitalini. Walimpigania kweli, na huko hakuna aliyetuuliza karatasi yoyote.

Shamba nimelililia, nikaacha. Nyumba, nimeshasahau milango yake ilikuwa rangi gani. Hata ile panga nimeielewa kwa namna yake, kwani ilikuja kuua na haikujificha. Na Karanja sina kinyongo naye, maana yeye alifukuzwa kweli. Lakini mtu kufa kwa sababu ya jambo ambalo kambi nzima inalijua, na kumbe si kweli, hilo sijapata pa kuliweka. Nalibeba huku na huku.

Miezi michache baadaye walikuja mawakili vijana kutufundisha haki zetu. Mmoja wao alianza na hilo hilo: kutibiwa ni haki ya kila mtu, awe na fomu ya polisi au asiwe nayo. Watu wakapiga makofi. Mimi nikainua mkono.

"Na aliyekufa akiingojea hiyo P3," nikauliza, "yake anajaza nani?"

 

"Hapo huwa si P3 tena, mama," akasema kijana wa watu. "Ni karatasi ingine, ile ya kifo."