Ruhusa ya Meko ya Dunguni

Mwanamina binti Huseni hakuwa mtu wa kuamini jambo kirahisi. Ukimletea samaki, alimnusa mbele yako, tena bila haya. Ukisifia vyungu vyake, alikuuliza umekuja kutaka nini. Watu wa Mbuchi walimcheka, ila walimfuata, maana bonde zima halina jiwe la kuinjikia chungu, na mafiga ya udongo aliyoyafinyanga yeye hayakupasuka motoni. Alifiwa na mume mapema, akamlea binti yake Mwanajuma peke yake, kisha akamwoza kwa Bashiru, mkata boriti za mikoko. Hata siku ya harusi alimtazama mkwewe kwa jicho la pembeni.

Vita vikazuka Umatumbi, kwenye vilima vya ng'ambo ya bonde. Watu walinong'ona kuwa kuna dawa ya maji, ukiinywa risasi za Wajerumani hazikupati. Wiki hiyohiyo Bashiru aliaga, akasema anakwenda Maparoni kukata boriti. Mkewe alikuwa na mimba changa. Alipoondoka, shoka lake lilikuwa bado limechomekwa ukutani. Mwanamina aliliona, akajua hakwenda kukata boriti.

Masika yalipofika, mto ukafurika, mama na binti wakahamia dunguni, kibanda cha juu ya nguzo katikati ya mpunga, ambako watu wa bonde hukaa kufukuza ndege na nguruwe hadi mavuno. Chini maji matupu. Mwanajuma alikuwa katika mwezi wake, na mzazi wa kule sharti aote moto siku arobaini. Mwanamina alikuwa amewahi kuosha maiti ya jirani aliyekosa moto huo akafa kwa baridi ya tumbo, na hakutaka kumwosha mwanawe mwenyewe. Lakini akida, msimamizi aliyewekwa na Wajerumani, alikuwa amepiga marufuku moto wowote wa dunguni bila ruhusa yake, eti moto wa juu unawapa ishara wapiganaji. Ikabidi mama wa watu apande mtumbwi aende kuomba.

Alimkuta akida barazani, mgeni wa kutoka pwani ya kaskazini, na pembeni yake tarishi wake Tamimu, mzaliwa wa Mbuchi.

"Shikamoo, Bwana Akida. Binti yangu yu karibu kujifungua. Naomba nijenge meko dunguni aote moto."

"Mumewe yuko wapi?"

"Maparoni, bwana. Anakata boriti."

Tamimu aliinama akamnong'oneza akida sikioni. Akida akatabasamu.

"Jenga, mama. Ruhusa nakupa leo hii."

Hapo ndipo Mwanamina aliposhtuka. Mzee Abdalah aliomba moto wa kukaushia samaki, akafukuzwa. Yeye hata hajamaliza kujieleza, tayari amepewa?

"Sharti langu moja," akida akaongeza. "Mdomo wa meko uelekee vilimani."

"Kwa nini vilimani, bwana?"

"Upepo, mama," Tamimu akadakia.

Upepo! Siku zile upepo wenyewe ulikuwa unatoka huko huko vilimani, na kila mtoto wa Mbuchi alijua. Mwanamina alishukuru, akapokea kitambaa chekundu cha kufunga kwenye nguzo kuwa ndiyo alama ya ruhusa, akaondoka.

Njia nzima aliwaza. Mwanamume wa bonde akimwacha mke mjamzito na kwenda mbali, hutazama nyumbani kila jioni. Akiuona moto wa uzazi, anarudi kumwona mtoto. Akida mgeni angeijuaje desturi hiyo? Tamimu aliijua. Basi meko hayo hayakuwa ya Mwanajuma. Yalikuwa mtego wa Bashiru.

Mwanajuma alipokiona kitambaa alifurahi hata akasahau uchungu wa mgongo.

"Kumbe wana huruma! Mama, Bashiru ataona moto, atakuja."

Mwanamina akatamani kumwambia. Akamtazama mwanawe, mwepesi wa kulia, mwepesi wa kusema, akaogopa. Alikanda udongo, akajenga meko ya namna ambayo hakuwahi kuijenga: yenye kuta ndefu pande zote kama mtungi mkubwa, mdomo wake umegeukia ndani, alikolala mzazi. Joto lilijaa chumbani, nje hakukupenya hata mwanga.

Mtoto akazaliwa, wa kiume.

"Mama, geuza meko," Mwanajuma akasihi. "Bashiru hataona kitu."

"Moto ni wako, si wa Bashiru."

Binti akageukia ukutani, na tangu hapo akawa anamjibu mama yake kwa neno mojamoja.

Asubuhi ya pili Tamimu akaja na mtumbwi.

"Bi Mwanamina, mbona jana hatukuona moto?"

"Moshi ulimwingia mtoto machoni, mwanangu. Nimeugeuza mdomo."

"Ruhusa ilikuwa na sharti lake."

"Basi panda ukageuze mwenyewe. Lakini humo kuna mzazi."

Tamimu aliweka mguu kwenye ngazi, akasita. Chumbani kwa mzazi haingii mwanamume asiye wa nyumba, na yeye alikuwa mwana wa Mbuchi. Wakati amesimama hivyo, mtu akakohoa katika matete. Mwanamina alitupa jicho, akaona kofia ya askari. 

Tamimu akakifungua kitambaa.

"Ruhusa imefutwa. Zimeni moto."

Mwanamina akauzima moto wenye miali, akabakiza makaa chini ya majivu. Kuta nene za udongo zikashika joto, mzazi akapona. Askari walikaa kwenye matete mpaka mbu wakawashinda, wakaondoka.

Vita vikaisha, njaa ikapita. Mtoto alikuwa anatembea alipofika Muhidini, mchuuzi wa chumvi kutoka Mkongo, akasema amemwona Bashiru huko, mzima wa afya. Alikuwa amejificha kwenye mwinuko wa ng'ambo, akitazama dunguni kila jioni. Miezi ilipotimia na moto asiuone, akaamini mke na mtoto wamekufa. Aliwasomea hitima. Sasa ameoa mke mwingine.

Muhidini alipokwenda zake, Mwanamina akamweleza binti yake yote: sharti la akida, askari, matete.

"Ningeacha mdomo wazi, wangemnyonga," akasema.

"Najua, mama. Umemwokoa."

Mwanajuma akamfunga mtoto mgongoni, akachukua kanga yake ya pili.

"Unakwenda wapi?"

"Mkongo. Amwone mwanawe."

"Na mimi ningefanyaje? Ningekuambia siku ile, ungepiga kelele."

"Ningelia kimya." Akakaza fundo la kanga. "Muda wote huu nimeamini alikataa kuja. Nimemlaani, mama, kila siku. Wewe ulikuwa unanisikia."

Mwanamina akasogea mlangoni, akampisha.