Skrubu ya Nane ya Abner Nyasani

Jumapili, saa tatu asubuhi, jua limefika kwenye baraza ya Abner Nyasani huko Kiogoro. Barabarani Wakatoliki wanateremka kwenda misa. Abner ni Msabato, ibada yake aliimaliza jana, na leo amekaa kwenye kigoda, lenzi ameibana kwenye jicho la kulia. Kibano chake kimeshika skrubu ndogo kama punje ya wimbi.

Hatua mbili kutoka kwake, mkewe Bonareri anaanika wimbi mkekani. Wote wawili wanaligombania jua hilo hilo, kwa maana mvua ya alasiri haikosi huku.

"Mama Kemuma, unanizibia mwangaza," Abner analalamika.

"Kwani jua ni yako peke yako?" Bonareri anamjibu, na anapita polepole makusudi.

Kemuma ni binti yao wa kwanza, aliyeolewa Manga. Kila siku ya kazi Abner hukaa nje ya duka moja mjini Kisii akitengeneza saa, kazi aliyoianza mwaka 1958. Kusafisha saa ni shilingi tatu, kubadilisha springi ni tano. Kwa kazi hiyo amewasomesha watoto wanne, na hajawahi kumiliki saa nzuri mkononi mwake.

Ndoto ilimwingia mwaka 1973. Mgeni aliyekuja kununua vinyago vya mawe laini ya huko Tabaka alimletea saa ambayo mkanda wake umefunguka. Ilikuwa ya chuma, ukingo wake una pande nane, na juu yake skrubu nane ziko wazi bila kufichwa, mfereji wa bisibisi wa kila moja umelala sambamba na ukingo.

"Nikamuuliza bei, akacheka," Abner anakumbuka. "Akasema ni kama ng'ombe kumi na tano. Mimi nikasema, hiyo ni mahari ya mtu kabisa! Lakini hiyo kitu ilibaki kwa macho yangu. Hata nikilala, naiona."

Alikaa nayo chini ya nusu saa. Jioni hiyo aliichora kwa kalamu ya risasi nyuma ya kalenda, na Jumapili iliyofuata akachukua koki kuukuu ya maji, ya shaba, akaanza kuipiga tupa.

Miaka mitatu sasa imepita. Koki imekuwa gamba la pande nane. Mashine ya ndani aliinunua kwa mtu ambaye saa yake ilipasuka shambani, na skrubu amezichonga kwa spoku za baiskeli, kila moja ikimla Jumapili nne au tano. Uso wa saa ni jiwe la Tabaka, jeupe lenye mishipa ya waridi, lililosuguliwa likawa jembamba kama ukucha. Sita yalivunjika. Rafiki yake mchongaji, Ombui, aliyempa mawe hayo, alimwambia waziwazi kwamba jiwe si karatasi.

"Nikamwambia lete lingine," anasema Abner.

Kisha ukungu ukaingia jichoni. Hospitalini walimwambia ni mtoto wa jicho, na kwamba apasuliwe. Jicho la kushoto lilikwisha kufa zamani, kibanzi cha chuma kililichoma. Hili ndilo alilobaki nalo, na Abner haoni haya kusema kwamba anakiogopa kisu.

"Nikawaambia mningoje. Kama ni giza inakuja, wacha inipate nimeiona saa yangu imekamilika."

Skrubu saba zimeshakaa. Ya nane aliichonga kabla ukungu haujawa mzito. Hawezi tena kukata nyingine. Leo mkono wake unateremka taratibu, pumzi ameikata. Kibano kinateleza. Skrubu inaruka, inang'aa mara moja juani, inatua katikati ya wimbi.

Abner anavua lenzi. Haoni mkeka, anaona weupe tu.

"Imeenda," anasema. "Sasa imeenda."

"Imeenda wapi? Imeingia kwa wimbi yangu," anasema Bonareri. "Kaa hapo. Usikanyage."

Anachukua ungo. Anateka wimbi kidogo kidogo, anapepeta, anasikiliza zaidi ya anavyotazama. Tangu utotoni ameondoa vijiwe kwenye nafaka hii, vidole vyake vinajua kisichokuwa punje. Ungo wa kwanza, hakuna. Wa tano, hakuna. Wa kumi na moja anasimama, anachomoa kitu kwa kucha mbili.

"Mbuya mono," anasema kwa Kikisii, yaani vizuri sana, na anacheka mwenyewe.

Abner hapokei skrubu. Anamkabidhi kibano, bisibisi na kigoda chake.

"Weka wewe. Mimi nitaiangusha tena."

Bonareri, ambaye hajawahi kushika bisibisi, anaikalisha skrubu kwenye tundu lililo juu ya kumi na mbili. Anazungusha mpaka inakaza. Kisha anakunja uso.

"Baba Kemuma, hii yangu imesimama kombo. Zile zingine zimelala vizuri. Niongeze nguvu?"

Kwa miaka mitatu mzee huyu alivunja na kutupa kila kilichopotoka. Sasa anapitisha ukucha juu ya ukingo, mfereji mmoja baada ya mwingine, hadi unapokwama kwenye ule uliokatiza.

"Wacha," anasema. "Ukikaza zaidi, jiwe litapasuka."

Anaijaza saa ufunguo, anaiweka sikioni. Inatembea. Machozi yanamtoka na hayafuti.

Atapasuliwa Alhamisi. Hospitalini atakwenda akiwa ameivaa.

"Nikirudi naona," anamwambia mkewe, "kitu ya kwanza nitaangalia ni hiyo skrubu yako ya kombo."

"Na ukirudi huoni?"

Kidole cha Abner tayari kimeshaifikia skrubu hiyo.

"Basi hii ndiyo itanionyesha kumi na mbili iko wapi. Hizo zingine zote zinafanana."